Uzi: Hiyo alama 10 tuliitoa wapi? Kuhusu kuthibitisha dodoso la dalili za sonona lililotafsiriwa kwa ajili ya wanafunzi

Mleta uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu. Kazi yangu hunilazimu kusoma mapendekezo mengi ya utafiti kuhusu afya ya akili ya wanafunzi, na kuna sentensi moja ninayokutana nayo mara nyingi mno, ikibadilishwa maneno mawili matatu tu: kwamba dodoso lilitafsiriwa kwa Kiswahili, likarudishwa katika Kiingereza na mtu mwingine, matoleo mawili yakaonekana kufanana, na kwa hiyo kila mwanafunzi atakayepata alama 10 au zaidi atahesabiwa kuwa na dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, depression kwa Kiingereza. Naomba tuijadili hiyo "kwa hiyo". Kwa maoni yangu hapo ndipo utafiti mwingi unapoharibika, na huharibika kabla hata mtoto mmoja hajashika kalamu.

Tuanze na hiyo 10. Inatoka katika dodoso la dalili za sonona liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9, kila swali likiwa na alama 0 hadi 3, jumla 27. Kroenke na wenzake walipolichapisha mwaka 2001, walikuwa wamelitumia kwa wagonjwa watu wazima wapatao 6,000 katika kliniki za Marekani, na baadhi yao walihojiwa na mtaalamu wa afya ya akili ili majibu ya karatasi yalinganishwe na uamuzi wake. Katika ulinganisho huo, alama 10 iliwanasa watu 88 katika kila 100 waliokuwa na sonona kamili, na ikawaacha 88 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Takwimu hizo ni nzuri, lakini ni za watu wazima wa kule. Mwaka 2010 dodoso hilohilo lilipojaribiwa kwa vijana wa Marekani wa miaka 13 hadi 17, alama ya mpaka iliyofaa zaidi ilikuwa 11. Nchi haikubadilika wala lugha haikubadilika. Umri tu ulibadilika, na mpaka ukasogea.

Sasa njooni kwa jirani zetu. CES-DC ni dodoso la watoto lenye maswali 20 na jumla ya alama 60, na kule lilikotungwa mtoto huangaliwa zaidi akifikisha 15. Betancourt na wenzake walilithibitisha nchini Rwanda kwa Kinyarwanda na kuchapisha matokeo mwaka 2012: watoto 367 wa miaka 10 hadi 17, wakilinganishwa na mahojiano ya kitabibu yenye mpangilio maalumu yaitwayo MINI-KID. Alama ya mpaka waliyoifikia ilikuwa 30. Ni mara mbili kamili ya ile ya awali! Mtu ambaye angekwenda Rwanda na 15 yake mfukoni angerudi na ripoti inayosema kwamba kizazi kizima kinaugua, na magazeti yangeichapisha siku ya pili.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kazi ile ni kwamba hawakuanza na tafsiri. Kundi hilohilo la watafiti lilikuwa limewauliza kwanza watoto na watu wazima wa huko ni shida gani za moyo wanazoziona kwa watoto, na wakapewa maneno yao wenyewe: *agahinda kenshi*, yaani huzuni isiyokwisha, *kwiheba*, yaani kukata tamaa kabisa, na *umushiha*, ile hasira isiyotulia. Wazimbabwe nao walikuwa wamepita njia hiyo miaka ya 1990, pale neno la Kishona *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, lilipochukuliwa kwa uzito na kuingia katika dodoso la maswali 14 lililotungwa kwa Kishona. Nasi tunalo la kwetu, maana mtu akisema "ana mawazo" hakuna Mswahili atakayedhani anasifiwa kwa akili. Hata hivyo madodoso yetu mengi hayana "mawazo" hata mahali pamoja, ila yana "kujisikia chini", maneno ambayo sijawahi kumsikia mtoto yeyote akiyatamka.

Tafsiri ya kurejesha, ambayo Brislin aliieneza kwa makala yake ya mwaka 1970, ni kazi ya lazima, sikatai. Tatizo ni kwamba inakagua kipande kimoja kimoja, ilhali mtoto husoma mstari mzima. Nitoe mfano ambao umenikosesha usingizi mimi mwenyewe. Mfasiri anaandika: "Sikuweza kulala vizuri." Katika safu za majibu anaandika: "Hata siku moja", "Siku kadhaa", "Zaidi ya nusu ya siku", "Karibu kila siku". Kila kipande kikisimama peke yake hakina kosa, na atakayekirudisha katika Kiingereza atakirudisha barabara. Sasa unganisha kama mtoto anavyounganisha: *Sikuweza kulala vizuri hata siku moja.* Mtoto aliyekesha wiki mbili nzima atatia vema hapo, na atapewa sifuri. Aliyelala fofofo ataikwepa safu hiyo kwa sababu kwake si kweli, na atahangaika kutafuta pa kutia vema hadi aangukie "siku kadhaa". Dodoso limegeuka kichwa chini miguu juu, na mfasiri wa kurejesha ametoa cheti kwamba kila kitu ni sawa.

Hiyo "zaidi ya nusu ya siku" nayo ina lake. Kwa Kiingereza inazungumzia siku nyingi katika zile 14. Kwa Kiswahili mtoto husikia nusu siku, yaani tangu asubuhi hadi jua la utosini. Kwa hiyo mtoto mwenye huzuni ya kila jioni baada ya shule atajibu kwamba halimhusu.

Naishia hapo kwanza. Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kufanya kazi hii, na hasa walimu.

Mwanafunzi wa uzamili

Ndugu mleta uzi, shikamoo, na asante kwa somo, ingawa limenikuta vibaya kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao walioandika sentensi uliyoitaja. Natafiti dalili za sonona kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili. Nimefanya majaribio ya awali na alfa ya Cronbach imetoka 0.84, ambayo msimamizi wangu anasema inatosha kuthibitisha dodoso. Pia ameniagiza kwamba mahojiano ya kitabibu niwafanyie wale tu watakaopata alama 10 na kuendelea, kwa kuwa mtaalamu wa kuwahoji analipwa kwa siku na bajeti yangu ni ndogo. Je, nina kosa?

Mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Huna kosa la kuuliza, lakini una makosa mawili katika mpango, na yote mawili yanarekebishika kabla hujaenda uwandani.

La kwanza ni alfa. Kipimo hiki alichokieleza Cronbach mwaka 1951 hutueleza kama maswali yanakwenda pamoja, yaani kama anayepata alama za juu katika swali hili huelekea kuzipata pia katika lile. Hakisemi maswali hayo yanapima nini. Ukiwa na saa tatu ukutani na zote zimechelewa kwa dakika 20, zitaafikiana kikamilifu, na bado utakosa basi. Maswali tisa ya uchovu na njaa yanaweza kutoa alfa nzuri sana. Kwa hiyo iandike 0.84 yako katika tasnifu, kwani ina nafasi yake, ila usiiite uthibitisho wa dodoso.

La pili ni zito zaidi. Ukiwahoji waliovuka 10 peke yao, hutamwona kamwe mtoto mwenye sonona aliyepata 6. Kwa kuwa hutamwona, hesabu yako itaonyesha kwamba dodoso limewanasa wagonjwa wote, asilimia 100, nawe utaiandika kwa furaha. Lazima uwahoji pia baadhi ya waliobaki chini ya mpaka, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na katika hesabu uwape uzito unaolingana na wingi wa kundi walilotoka.

Nikupe mfano wa hesabu tu, usiuchukue kama matokeo ya mahali popote. Wanafunzi ni 600. 120 wamevuka mpaka na 480 hawajavuka. Unawahoji wote 120 wa juu, na wa chini unachagua 120 kwa bahati nasibu, yaani mmoja katika kila wanne. Kwa waliovuka, mtaalamu anathibitisha sonona kwa 40, na kwa wale wa chini anaikuta kwa 5. Hao 5 wanasimama badala ya 20, kwa kuwa ulihoji robo yao. Wagonjwa wote basi ni 60, na dodoso limewanasa 40, sawa na asilimia 67. Ungesahau uzito ungesema 40 kati ya 45, yaani asilimia 89. Ungefuata agizo la msimamizi ungesema 100. Karatasi ni zilezile na watoto ni walewale.

Kuhusu bajeti, kinachotafuna siku za mtaalamu ni idadi ya wagonjwa watakaopatikana, zaidi ya idadi ya karatasi. Ukipata wagonjwa 30 na dodoso likanasa asilimia 80 yao, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 66 na 94, upana ambao hausaidii mtu kuamua jambo. Wakiwa 100, unabana hadi kati ya 72 na 88. Kama huwezi kumudu, punguza madai: sema unachunguza lugha na uelewekaji wa dodoso, ufanye mahojiano ya kina na watoto 20 au 30 kuhusu kila swali, na uache suala la alama ya mpaka kwa atakayekuja baada yako. Tasnifu ya namna hiyo ina faida kubwa, na mimi ningeisoma kabla ya hizo nyingine.

Nimesahau jambo. Mtaalamu anayehoji asijue mtoto amepata alama ngapi, na mahojiano yafanyike ndani ya siku chache baada ya dodoso, kwani dodoso linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita na wiki mbili za mtoto zinapita haraka.

Mwalimu wa darasa la sita

Mimi nafundisha shule ya msingi Kanda ya Ziwa, ambako watoto wengi nyumbani huzungumza Kisukuma na Kiswahili hukipatia shuleni. Nimeusoma uzi huu mara mbili kwa sababu muhula uliopita tulitembelewa na watafiti waliokuwa na dodoso kama hili, na nadhani walichokusanya siku ile hakikuwa walichodhani wanakusanya.

Darasa langu lina watoto watatu katika kila dawati. Karatasi ziligawiwa kama mtihani, zikiwa na nafasi ya jina juu kulia, na mwalimu wa zamu akasimama mbele na kuwaambia wajibu vizuri wasiiaibishe shule. Mtoto wa katikati alipotia vema, wa kushoto na wa kulia wakatia vema palepale. Kulikuwa na swali la kukosa hamu ya kula. Mtoto mmoja akanyoosha kidole na kuuliza: "Mwalimu, kama hamu ipo lakini chakula hakipo, tunaandika wapi?" Mtafiti akamjibu aandike anavyojisikia. Kuna swali jingine la kuchoka, na wengi wa watoto hao huchota maji kabla ya kuja shule na hutembea mwendo wa saa nzima. Nilipowauliza baadaye waliandika nini, karibu wote waliandika kwamba wamechoka kila siku, na kwa kweli wamechoka kila siku.

Nina swali pia kuhusu maneno yenyewe. Juu ya karatasi iliandikwa "Dodoso la Sonona". Watoto hawakulijua neno hilo, wakaniuliza kama ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mleta uzi

Mwalimu, mtoto huyo wa swali la chakula ameeleza kwa sentensi moja kile ambacho wengine huhitaji sura nzima kukieleza. Swali linaloshindwa kutofautisha njaa na kukosa hamu ya chakula litaipa kila shule maskini alama za ziada, na bila shaka hali kama hiyo ni sehemu ya sababu zinazofanya alama ya mpaka iliyoazimwa isikae sawa. Njia mojawapo ni kuuliza juu ya chakula kikiwepo: "Chakula kilipokuwepo, ulijisikia hutaki kula?" Kwa uchovu, uliza kama kazi au mchezo aliouzoea sasa unamshinda kuliko zamani, ili mtoto ajilinganishe na nafsi yake ya mwezi uliopita badala ya kujilinganisha na mtoto wa mjini.

Kichwa cha karatasi kisitaje ugonjwa. "Sonona" ni neno zuri, limetokana na kusononeka na limekubalika katika hospitali na redio za Tanzania, lakini ni neno la mtaalamu. "Maswali kuhusu unavyojisikia" yanatosha. Na kwa watoto ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, pamoja na wote ambao kusoma kwao bado ni kwa kuvuta, maswali yasomwe kwa sauti, mmoja mmoja, na mtu asiye mwalimu wao.

Niongeze juu ya swali la kujithamini lililo katika CES-DC, linalomtaka mtoto aseme kama alijiona hana upungufu kuliko wenzake. Nimeliona limetafsiriwa "Nilijiona mzuri kama watoto wengine". Wasichana wa darasa la saba watalijibu wakiwaza sura. Swali hilo ni mojawapo ya manne ambayo alama zake huhesabiwa kinyume, kwa hiyo likipotoka linapotosha mara mbili. Mimi ningeandika "Nilijiona sina tofauti na watoto wengine, nami nina thamani kama wao", kisha niwasomee watoto kumi na kuwaomba wanieleze kwa maneno yao nimeuliza nini. Wakinieleza jambo jingine, nalibadilisha tena. Van Ommeren na wenzake, walipofanya kazi na wakimbizi wa Bhutan wanaozungumza Kinepali, walichapisha mwaka 1999 fomu inayomtaka mtafiti aandike kwa kila swali kama limeeleweka, kama linakubalika kutamkwa, kama linahusu maisha ya watu hao, na kama maana yote ya awali imebaki. Fomu hiyo ina uzuri mmoja ambao haujatajwa sana: inakulazimisha kuacha kumbukumbu ya maswali uliyoyakosea.

Mshauri nasaha, Pwani ya Kenya

Hamjambo nyote. Huku kwetu tunasema hojaji, na neno sonona wanafunzi wengi hawalijui kabisa. Utasikia "msongo wa mawazo", na vijana wa shule za upili watakwambia "niko na stresi". Kwa hivyo hata ndani ya Kiswahili tafsiri moja haitoshi pande zote za mpaka, na toleo lililothibitishwa Dar es Salaam lingehitaji kukaguliwa tena Mombasa, sembuse Nairobi ambako mtoto huenda akachanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika jibu moja.

Lakini nimeingia kwa ajili ya swali la 9 la PHQ-9, lile la mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa, ambalo hadi sasa mmelipita kimya. Wapo watafiti wanaoliondoa na kubaki na maswali 8, nao wana hoja: kama hakuna mtu wa kumshughulikia mtoto atakayejibu "karibu kila siku", ni afadhali usimuulize. Wapo pia wanaoliondoa kwa kuogopa kwamba swali litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo ilichunguzwa katika jimbo la New York kwa wanafunzi 2,342 wa shule za upili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2005: walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao ambao hawakuulizwa.

Mimi sipingi kuuliza. Ninalopinga ni karatasi zinazokusanywa Jumatatu, zikatiwa katika buweta, na kusomwa na karani wa takwimu baada ya miezi miwili. Ukiliweka swali la 9, lisomwe siku hiyohiyo kabla hujatoka katika uwanja wa shule, awepo mtu aliyefunzwa kuzungumza na mtoto faraghani, na mzazi na mtoto wawe wameelezwa mapema, wakati wa kuomba ridhaa, kwamba jibu la namna hiyo halitafanywa siri kabisa. Mtoto asiitwe jina mbele ya gwaride. Kenya na Tanzania zote zina nambari ya simu ya msaada kwa watoto, 116, na ingefaa iandikwe chini ya karatasi anayobaki nayo kila mwanafunzi, ili mwenye kuihitaji asijulikane kwa kuichukua.

Kuna pia sheria. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Kwenu Tanzania kifungu cha 217 kinasema ni kosa. Mwalimu anayejua hilo anaweza kumnyamazisha mtoto kwa nia njema kabisa, akidhani anamwokoa na polisi. Hili nalo ni suala la uthibitishaji, kwa sababu swali ambalo watu wana sababu ya kulidanganya haliwezi kupima.

Mleta uzi

Nakushukuru sana, dada. Umenirekebisha, kwani nilikuwa nikilichukulia swali la 9 kama suala la maadili pekee, na sikuwa nimelifikiria upande wa ukweli wa majibu.

Ulilosema linanipeleka kwenye hesabu ambayo wakuu wa shule wanapaswa kuiona kabla ya kukubali upimaji wa shule nzima. Tuchukue matokeo ya Rwanda yenyewe, ambayo yalipatikana kwa uangalifu: kwa alama 30, CES-DC ilinasa asilimia 81.9 ya wenye sonona na kuwaacha asilimia 71.9 ya wasiokuwa nayo. Tuseme shule ina wanafunzi 600 na kwa kweli 60 kati yao wana sonona. Dodoso litawanasa 49 na kuwakosa 11. Kati ya wale 540 wasio na sonona litawanyooshea kidole 152. Utakuwa na orodha ya watoto 201, na katika kila wanne, mmoja tu ndiye mwenye ugonjwa. Wenye sonona wakiwa 30 badala ya 60, orodha itakuwa na watoto 185, na wagonjwa humo hawatafika 25.

Hiyo si aibu ya dodoso. Dodoso la uchunguzi wa awali ni ungo wa matundu makubwa, na kazi yake ni kumpunguzia mtaalamu idadi ya watoto wa kuzungumza nao. Balaa huja pale orodha ya watoto 201 inapobandikwa katika ofisi ya walimu kama orodha ya wagonjwa, au inapogeuzwa asilimia na kuandikwa kwamba theluthi ya wanafunzi wa wilaya fulani wana sonona. Nimeziona ripoti za namna hiyo, na hazikuwa na mahojiano ya kitabibu ya mtoto hata mmoja.

Mwanafunzi wa uzamili

Nimezungumza na msimamizi wangu leo asubuhi na nikamwonyesha ile hesabu ya 67, 89 na 100. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike upya sura ya tatu. Tumekubaliana kwamba nitaanza na uelewekaji wa maswali kwa wanafunzi 30, na mahojiano ya kitabibu yatafanyika tu kama nitapata fedha za kuwahoji pia waliobaki chini ya mpaka. Nimebakiwa na maswali mawili. Katika toleo la vijana, swali la kwanza limeongezewa neno la hasira pamoja na huzuni. Je, nitalitafsiri vipi? Na ile "hata siku moja" niiondoe kwa njia gani bila kuharibu alama?

Mleta uzi

Hongera, na umfikishie msimamizi wako salamu zangu, wengi wangekataa.

Kuhusu hasira, usiiondoe. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotoka mwaka 2013, unaruhusu kwamba kwa watoto na vijana hali ya kukasirika ovyo ichukue nafasi ya huzuni, na mwalimu yeyote anamjua yule mtoto anayeitwa mkorofi hadi siku utakapokaa naye chini ya mwembe. "Hasira za karibu" huenda likaeleweka Tanzania. Uliza wenyeji kama wanalisema. Ila usibebeshe swali moja huzuni, hasira na kukata tamaa kwa pamoja bila kuwauliza watoto walijibu wakifikiria lipi kati ya hayo, kwa sababu Kiswahili hakina neno moja linaloyakumbatia yote matatu.

Kuhusu safu za majibu, ziache siku zihesabiwe kwa nambari. Jambo hili si uzushi wangu, kwani Marekani maswali 8 ya PHQ yamewahi kuulizwa hivyo kwa watu wengi: siku 0 hadi 1 hupata alama 0, siku 2 hadi 6 alama 1, siku 7 hadi 11 alama 2, na siku 12 hadi 14 alama 3. Liandike swali bila kikanushi, kwa mfano "Katika siku 14 zilizopita, ni siku ngapi usingizi ulikusumbua?", na mpe mtoto kalenda ndogo ya wiki mbili yenye jambo analolikumbuka, kama siku ya gulio au siku ya kufunga mtihani wa majaribio, ili ajue siku 14 zinaanzia wapi. Hapo jibu la sifuri haliwezi kugeuka kuwa kilio.

Kumbuka tu kwamba ukibadilisha safu za majibu, hata ile 11 ya vijana wa Marekani huwezi kuitumia. Alama yako ya mpaka itabidi uitafute mwenyewe. Ukimaliza kuandika swali la usingizi, liweke hapa pamoja na safu zake zote, na Mwalimu wa darasa la sita akituruhusu, aliwasomee watoto wake watatu wa dawati moja, mmoja mmoja, kabla hujachapisha karatasi.

Mwalimu wa darasa la sita

Nimeruhusu, mradi wazazi wakubali na mkuu wa shule ajulishwe. Ila lije kabla ya Ijumaa. Wiki ijayo tunafunga shule.